Uliza Ujibiwe: Bei ya umeme na maji ikipangwa, anatusemea nani?

Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini, kamwene, ndaga, za kwenu wote. Toleo lililopita tuliandika mistari michache tu kuhusu makato ya kwenye risiti ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, na meseji zilizokuja baada ya hapo ni nyingi kweli, kuanzia Tunduma mpaka Ipogolo, na ukizisoma zote unakuta watu wanauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: hivi wakati bei inapangwa sisi tunaolipa tunakuwa tunawakilishwa na nani? Kwahiyo leo kona nzima ni ya hilo. Meseji nimezifupisha na majina nimeyatoa.

SWALI (fundi wa kuchomelea, Mwanjelwa): Mkuu habari. Nikinunua umeme wa elfu kumi napata uniti 28 na pointi kidogo, alafu chini kuna VAT, kuna REA, kuna EWURA. EWURA wanachukua 81.97. Sasa hawa si ndio watetezi wetu, mbona hawaonekani tukilalamika bei?

JIBU: Nzuri kaka. Tuanze na hesabu maana umeitaja vizuri. Ile elfu kumi yako ukiitoa kodi na tozo inabaki 8,196.72 ndiyo inayonunua umeme wenyewe, kwa bei ya 292 kwa uniti kama uko kundi la T1, yaani la watumiaji wa kawaida. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na EWURA (Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji) asilimia 1. Kama ni manunuzi ya kwanza ya mwezi na mita yako imeunganishwa na kodi ya majengo, hapo kuna 1,500 nyingine inatoka kwa nyumba ya kawaida, ilianza kama 1,000 mwaka 2021 ikapandishwa 2023.

Sasa kwenye swali lako kuna kitu watu wengi wanachanganya. EWURA sio mtetezi wako. EWURA ni refa. Sheria iliyoianzisha inaipa kazi ya kulinda maslahi ya watumiaji, ni kweli, lakini hapohapo inaipa kazi ya kulinda uwezo wa kifedha wa watoa huduma wanaofanya kazi kwa ufanisi, na kuhakikisha huduma inafika kwa watu wote wakiwemo wa kipato cha chini na wa vijijini. Anatakiwa awasikilize wote wawili, anayeuza na anayenunua, alafu aamue. Anayetakiwa kusimama upande wako wewe fundi ni chombo kingine kabisa, kinaitwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, watu wanaliita EWURA CCC. Kwa sababu jina linaanza na EWURA watu wanadhani ni idara ya EWURA, na mimi naona jina hilo limeliponza baraza kuliko kitu kingine chochote.

SWALI (mwalimu mstaafu, Kihesa, Iringa): Nimefundisha uraia miaka mingi. Enzi zetu bei ilikuwa inapangwa na serikali na hatukuwa na habari za baraza. Naomba utueleze sheria hii ilitokea wapi na ilipitia wapi.

JIBU: Shikamoo mwalimu. Umenipa swali ninalolipenda kuliko yote ya leo, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Enzi mnazozisema, bidhaa nyingi bei yake ilikuwa inapangwa na Tume ya Bei iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1973. Umeme wenyewe ulikuwa chini ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1931, na bei ilikuwa suala la TANESCO na wizara. Mwananchi hakuwa na mlango wowote wa kisheria wa kuingilia pale, akilalamika analalamika kwa mbunge au kwenye barua za wasomaji gazetini basi. Kwa mantiki ya wakati ule ilieleweka, maana serikali ndiyo mwenye shirika na ndiyo inayojiona mlinzi wa mnunuzi, sasa mtetezi wa tatu wa nini.

Mambo yakabadilika miaka ya tisini. Udhibiti wa bei ukaondolewa kwenye bidhaa nyingi, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na mwaka 1997 TANESCO nayo ikawekwa kwenye orodha ya mashirika ya kubinafsishwa. Kipindi hichohicho kulikuwa na mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, kampuni binafsi inaiuzia TANESCO umeme, ugomvi wa gharama zake ukaenda mpaka kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mitambo ikaja kuanza kuzalisha 2002. Mwaka huohuo uongozi wa TANESCO ukakabidhiwa kwa kampuni ya NETGroup Solutions ya Afrika Kusini mpaka mwisho wa 2006. Hata kabla ya hayo ya 2002, wabunge walishaona wazi kwamba ikiwa umeme na maji vitakuja kushikwa na watu binafsi, na huku nyaya ni zilezile na bomba ni lilelile, mteja hana pa kuhamia. Kwenye sabuni ukiona bei mbaya unahama duka, ila kwenye umeme utahamia wapi?

Ndiyo maana ikatungwa Sheria ya EWURA, namba 11 ya mwaka 2001, sasa ni Sura ya 414. Na ndani ya sheria hiyohiyo, kifungu cha 30, wakaliweka baraza la watumiaji. Naomba wasomaji mlizingatie hili, baraza halikuja baadaye kama msaada au mradi wa wafadhili, lilizaliwa siku moja na mdhibiti, kwenye karatasi ileile. Mwaka huohuo wa 2001 ikapita na sheria namba 9 ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu na majini, nayo ina baraza lake. Mwaka 2003 zikafuata sheria namba 10 ya usafiri wa anga na namba 12 ya mawasiliano iliyoleta TCRA, zote zina baraza la watumiaji kwa mpangilio uleule. Na mwaka huo wa 2003 ikaja Sheria ya Ushindani, namba 8, ambayo ilileta Tume ya Ushindani FCC, ikaleta Baraza la Ushindani FCT ambalo ni kama mahakama maalumu na mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu, na ikaweka pia Baraza la Taifa la kumtetea mlaji. Yani ndani ya miaka mitatu nchi hii ilitunga mfumo mzima.

Ila mwalimu, kutunga ni kitu kimoja. EWURA yenyewe haikuanza kazi mpaka 2005 kuelekea 2006, sheria imekaa kwenye vitabu zaidi ya miaka minne, na baraza likaja nyuma ya EWURA. Sheria ya umeme ya 1931 nayo ikaendelea kutumika mpaka ilipokuja Sheria ya Umeme namba 10 ya 2008. Upande wa maji kukawa na sheria namba 12 ya 2009, ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na namba 5 ya 2019 ambayo ndiyo iliyoleta RUWASA, wakala wa maji vijijini. Mwaka huo wa 2019 SUMATRA ikaondoka ikaja LATRA na baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini likaendelea chini ya jina jipya. Ukiangalia mtiririko wote huo utaona sheria za umeme, maji na usafiri zimefumuliwa na kuandikwa upya, lakini lile wazo la 2001 kwamba kila mdhibiti awe na baraza la watumiaji pembeni yake likabaki.

Na sisi wa huku tuna sababu ya kulijali kuliko wengi. Maji ya Ruaha Mkuu yanayotoka bonde la Usangu kule Mbarali ndiyo yanayozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu, na Kihansi inalishwa na mito inayoshuka kutoka milima hii ya Iringa. Mkulima wa Mbarali ameambiwa miaka na miaka aachie maji yafike bwawani. Mtu wa namna hiyo akiuliza uniti moja imepangwaje anastahili ajibiwe.

SWALI (mama mwenye mashine ya kusaga, Makambako): Hilo baraza lina nguvu gani hasa? Linaweza kuzuia bei isipande?

JIBU: Hapana mama, haliwezi. Najua sio jibu ulilotaka.

Soma kifungu cha 31 cha sheria, kazi za baraza ni hizi: kuwakilisha maslahi ya watumiaji kwa kupeleka maoni na taarifa EWURA na kwa mawaziri wanaohusika, kupokea na kusambaza taarifa zenye maslahi kwa watumiaji, kuunda kamati za watumiaji za mikoa na za sekta na kushauriana nazo, na kushauriana na wenye viwanda, serikali na vikundi vingine vya watumiaji. Ni kupeleka maoni, kupokea, kusambaza, kuunda kamati na kushauriana, basi. Hakuna mahali pameandikwa baraza likikataa basi bei isimame.

Ila usilidharau kwa sababu hiyo, maana kuna kifungu kingine kinachofanya kazi pamoja na hicho. Kifungu cha 19 kinailazimisha EWURA ifanye uchunguzi wa wazi, ule mkutano unaoitwa taftishi, kabla ya kupanga bei. Mtoa huduma anayetaka kupandisha anapeleka maombi na mahesabu yake, mkutano unaitishwa, na pale baraza linasimama kusema maoni ya watumiaji. Baraza likija na mahesabu yake, likaonyesha kwamba upotevu wa maji kwenye mabomba chakavu umetupiwa mteja, au gharama fulani imehesabiwa mara mbili, refa hawezi kujifanya hajasikia maana imeandikwa. Likija na maneno ya jumla tu kwamba wananchi hali ni ngumu, halitafika mbali, kwa sababu hata EWURA wanajua hali ni ngumu.

Na hapo ndipo tatizo langu mimi na sheria hii lilipo. Kubishana na mahesabu ya shirika la umeme unahitaji mhasibu, mhandisi na mwanasheria, unahitaji kuwalipa, na wafanye kazi miezi kadhaa. Wajumbe wa baraza wanateuliwa na waziri kutokana na majina yanayopendekezwa na taasisi za sekta binafsi, na fedha zake kwa sehemu zinapitia kwa Mamlaka ileile ambayo baraza linatakiwa liende kuikosoa. Sisemi watu wa baraza ni waoga, nasema mpangilio huo unawabana hata wakiwa majasiri. Mama yangu wewe mwenyewe unajua, anayekupa pesa ya matumizi ni vigumu kumbishia mbele za watu.

SWALI (msomaji, Sae, Mbeya): Dada yangu anaishi Pittsburgh, Marekani. Ananiambia kule jimbo lina wakili wa kulipwa na sheria anayewapeleka mahakamani watu wa umeme kwa niaba ya wananchi. Ni kweli au ananidanganya?

JIBU: Dada yako hajakudanganya, na amekaa sehemu yenye mfano mzuri kuliko sehemu nyingi.

Kule Marekani bei ya umeme wa majumbani inasimamiwa na kila jimbo kwa tume yake. Jimbo la Maryland lilianzisha ofisi ya wakili wa wananchi kwa sheria mwaka 1924, ndiyo kongwe kuliko zote. Lakini majimbo mengi yalikuja kushtuka miaka ya sabini, baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973 na makampuni ya umeme kuanza kujenga mitambo ya nyuklia ya gharama kubwa, bili zikawa zinapanda kila mara na watu wakawaka. Ohio na Pennsylvania zote zilitunga sheria 1976, na kufikia 1979 ofisi hizi zikawa nyingi mpaka zikaunda umoja wao wa kitaifa.

Ya Pennsylvania, ambako Pittsburgh ipo, ni sheria namba 161 ya 1976. Inaitwa Ofisi ya Mtetezi wa Watumiaji. Mtetezi anateuliwa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo na lazima athibitishwe na Seneti ya jimbo, kwahiyo tume inayopanga bei haina mkono kwenye ajira yake. Pesa ya ofisi inatoka kwa makampuni yenyewe, kila moja inachangia kulingana na mapato yake kwa kiwango chenye ukomo kilichoandikwa kwenye sheria. Na kikubwa zaidi, sheria inamruhusu kuwa mhusika kamili wa shauri mbele ya tume, anahoji mashahidi, analeta wataalamu wake, na tume ikiamua vibaya anakata rufaa mahakamani.

Nikupe kisa kimoja cha hukohuko Pittsburgh ili uone rufaa ina maana gani. Kampuni ya Duquesne Light ilikuwa imeungana na wenzake mwaka 1967 kujenga mitambo saba ya nyuklia. Mwaka 1980 wakaifuta minne, ilikuwa haijajengwa, lakini hela za maandalizi zilishatumika, na fungu la Duquesne lilikuwa karibu dola milioni 35. Wakaomba walipwe hizo hela na wateja, kidogokidogo kwa miaka kumi, ndani ya bili. Wakati shauri linaendelea, bunge la jimbo mwishoni mwa 1982 likapitisha sheria namba 335 inayosema gharama za kujenga mtambo zisiingizwe kwenye bei mpaka mtambo uwe unatumika na una faida kwa wateja. Pamoja na hiyo sheria, Januari 1983 tume ikaikubalia kampuni.

Ofisi ya Mtetezi ikaiomba tume iangalie upya, tume ikakataa. Ikaenda mahakamani, hatua ya kwanza ikashindwa. Ikapanda Mahakama ya Juu ya jimbo, ikashinda mwaka 1987. Kampuni nayo ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kule Washington, na mwezi Januari 1989 majaji wakasema jimbo halikukosea, kampuni haikunyang'anywa haki yake ya kikatiba, mitambo ambayo haikutoa umeme mteja asiilipie. Kesi ilibeba jina la David Barasch, aliyekuwa Mtetezi wakati huo. Fikiria ni miaka sita ya kesi kwa ajili ya kitu ambacho kwa nyumba mojamoja ni hela ndogo tu kila mwezi. Mteja mmoja asingeweza, hata angekuwa na uchungu kiasi gani, wakili peke yake angemmaliza.

Baraza letu sheria ya 2001 haikulipatia kazi ya namna hiyo. Nimezisoma kazi zake mara nyingi na ninaloliona ni ushauri. Kama kuna mbunge wa huku anasoma kona hii, namwomba jambo moja lililo wazi: siku Sheria ya EWURA ikirudi bungeni kwa marekebisho, kwenye kazi za baraza iongezwe haki ya kuwa mhusika kwenye maombi ya bei na haki ya kukata rufaa FCT kwa niaba ya watumiaji, na fungu lake lipite Bungeni moja kwa moja au liandikwe kwenye sheria kama asilimia ya ile tozo tunayolipa. Kwenye ile 81.97 ya fundi wa Mwanjelwa hata shilingi kumi tu ikiandikwa kwa sheria kuwa ya baraza, ukizidisha kwa mita za nchi nzima unapata ofisi yenye wanasheria.

SWALI (kijana wa bodaboda, Tukuyu): Kwetu kijijini maji ni ya kamati ya kijiji, wanaita CBWSO. Baraza linatuhusu?

JIBU: Nyie mlango wenu ni tofauti kidogo. Vyombo vya jamii vya watoa huduma ya maji vijijini vinasimamiwa na RUWASA kwa sheria ya 2019, kwahiyo mkiona bei haieleweki au mapato hayasomwi, anzeni na mkutano wa watumia maji wenyewe, alafu ofisi ya RUWASA ya wilaya. EWURA inashughulika na mamlaka za maji za mijini kama za Mbeya, Iringa na Njombe.

SWALI (msomaji, Mufindi): Sisi umeme wetu hatununui TANESCO, tunanunua Mwenga. Je sheria hizi ni za TANESCO tu?

JIBU: Hapana, ni za umeme wote. Mradi wa Mwenga, ule wa maji wa megawati 4, unaiuzia TANESCO kwenye gridi na unauzia vijiji moja kwa moja, na kwa kuwa ni mtoa huduma wa umeme yuko chini ya EWURA na nyie ni watumiaji kama mtu wa Mafiati. Mna haki zilezile za kulalamika na za kusikilizwa.

SWALI (kijana, Soweto, Mbeya): Kaka mimi nimekata tamaa. Mwaka 2016 waliitisha maoni, wakaamua, alafu mkubwa mmoja akafuta kwa siku moja. Sasa maoni yetu yana kazi gani?

JIBU: Wasomaji ambao hawakumbuki niwakumbushe. TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19. EWURA baada ya kupitia ikakubali asilimia 8.53, ikatangaza mwishoni mwa Desemba 2016 kwamba ianze 1 Januari 2017. Waziri wa nishati wakati ule, Profesa Sospeter Muhongo, akasitisha, na siku ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi wa TANESCO. Bei ikabaki palepale.

Ilikuwa nafuu kubwa mfukoni na sitamlaumu mtu aliyeshangilia. Ila kama unajali utaratibu kama ninavyoujali mimi, hapo kuna cha kujiuliza. Angalia, kutoka 18.19 mpaka 8.53 ile ni kazi ya kisheria, maombi yalichambuliwa na zaidi ya nusu ikakatwa, na mchango wa watu ulikuwa na mahali pa kuingia. Uamuzi uliokuja baada ya hapo ulitoka nje ya njia hiyo kabisa. Safari ile ulitupendelea sisi. Mkono uleule unaoweza kusimamisha bei nje ya sheria unaweza pia kuipandisha nje ya sheria, na siku hiyo hakutakuwa na kifungu cha 19 cha kushika. Ndio maana mimi nataka baraza lenye meno ya kisheria kuliko kiongozi mwenye huruma, hata akiwa na huruma ya kweli.

Na isitoshe Aprili mwaka huohuo wa 2016 nafuu ilishatokea kwa njia ya kawaida kabisa. EWURA ilitoa agizo lililoshusha bei kidogo na kufuta ile service charge ya 5,520 kila mwezi kwa wateja wa T1. Wewe wa Soweto kama mmepanga nyumba moja wapangaji watano na mita ni moja, unakumbuka ile hela ilivyokuwa inawagombanisha kila mwisho wa mwezi.

SWALI (mama, Mafinga): Umeme ulikuja mkubwa ghafla, friji ikaungua na tv ikaungua. Nilienda kwa mtoa huduma wakaniambia niandike barua, nimeandika, kimya. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama. Barua uliyoandika ndiyo hatua ya kwanza hata kisheria, EWURA haitalipokea lalamiko kama hujampa mtoa huduma nafasi. Swali ni je una nakala yenye mhuri wa kupokelewa? Kama huna, andika nyingine leo, peleka nakala mbili, moja wakupigie mhuri na tarehe ubaki nayo. Weka namba ya mita, siku na saa umeme ulipozidi, vitu vilivyoungua, na risiti za kununulia kama zipo. Fundi aliyefungua friji akuandikie kilichoungua ndani ni nini. Majirani walioungulia siku hiyohiyo waandike na wao, mkiwa wengi inakuwa ngumu kusema tatizo lilikuwa kwenye waya za nyumba yako.

Ukikaa bila jibu au jibu lisipokuridhisha unapeleka lalamiko EWURA, wana ofisi ya kanda hapa Mbeya, huna haja ya kusafiri Dodoma. Wanamtaka mtoa huduma ajibu kwa maandishi, wanajaribu kuwapatanisha, ikishindikana wanasikiliza na kutoa uamuzi. Hapo ndipo baraza linakufaa kuliko sehemu nyingine yoyote, kupitia kamati ya watumiaji ya mkoa, wanakusaidia kuliandaa lalamiko na kukuelekeza, na hawakuchaji. Uamuzi ukitoka na hukubaliani nao unakata rufaa FCT, kwa sababu za namna hii: uamuzi haukufuata ushahidi, au sheria imekosewa, au utaratibu haukufuatwa, au Mamlaka haikuwa na uwezo wa kuamua hivyo. FCT wakishaamua ndio mwisho. Muda wa rufaa ni mfupi, kwahiyo siku unapokea uamuzi usiuweke kabatini, mtafute mwanasheria au kituo cha msaada wa sheria wiki hiyohiyo.

SWALI (msomaji, Vwawa): Mimi sio msomi. Nikienda kwenye taftishi naruhusiwa kuongea au ni ya wakubwa?

JIBU: Unaruhusiwa, ni mkutano wa wazi, na usipoweza kufika unaandika maoni na kuyapeleka kabla ya tarehe ya mwisho inayotangazwa kwenye magazeti na redio. Beba vitu vya kwako: bili za miezi sita, au meseji za tokeni zilizoko kwenye simu, na kama ni maji andika kwenye daftari siku yalizotoka na siku ambazo hayakutoka tangu sasahivi, usisubiri mkutano utangazwe. Mtoa huduma akisema kwenye makabrasha yake kwamba mtaa wenu unapata maji saa kadhaa kwa siku na wewe una daftari la miezi mitatu linalosema vingine, soma hilo daftari mbele yao tarehe kwa tarehe, alafu waachie nakala iingie kwenye kumbukumbu za shauri.